Gauni la Yubilei la Bibi Apolonia

Skola mwanangu,

Acha kuchungulia barabarani. Bibi yako hatakuja kukuaga. Wiki nzima nimekuona unatoka nje kila lori la mahindi linapopunguza mwendo pale kwenye kona, unajifanya unakwenda kumwaga maji. Nyumba hii haina maji machafu kiasi hicho. Asubuhi nilikwambia miguu inamsumbua. Miguu yake ni mizima kuliko yangu. Sasa umekwenda kwa shangazi yako kusukwa nywele za safari, nami nimebaki na karatasi hizi, na mambo ambayo nikikutazama usoni nitayageuza kichekesho.

Sitakuandikia habari za kufunga begi, wala za kukaa dirishani, wala za wanaume wa Mbeya. Shangazi yako ameshakuchosha na hayo, na kuhusu wanaume anajua kuliko mimi, maana amewajaribu wengi.

Uandishi wangu unaujua. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza. Nilifukuzwa kwa sababu niliishona mikono ya koti la mwalimu, ndani kwa ndani, kwa uzi wa rangi ile ile. Mkaguzi alipofika mlangoni, mwalimu akavuta koti lake kwa haraka, akasukuma mkono, mkono ukagoma. Akasukuma wa pili, nao ukagoma. Alinichapa mpaka yeye mwenyewe akachoka, kisha akamwambia baba yangu, "Huyu mpeleke kwa fundi cherehani. Mshono wake ni mzuri." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Tangu siku hiyo niliamini kwamba mtu akiwachekesha watu vizuri, hata kosa lake linamletea faida. Imani hiyo mimi imenilisha. Wewe imekuumiza.

Hukuniona nikiwa fundi mwenye jina. Ulikuwa mdogo mno, upo Mwazye kwa bibi yako, aliyekuchukua mama yako alipofariki ukiwa bado unanyonya. Siku hizo nguo zilikuwa za shida. Mtu akipata kipande cha kitambaa kilichovuka kutoka Zambia chini ya magunia, anakileta kwangu jioni amekificha tumboni kama mjamzito. Nilishona suruali za bugaluu zilizofagia barabara za Sumbawanga vizuri kuliko wafagiaji wa halmashauri. Nilimshonea karani mmoja suti kwa pazia la ofisi yake mwenyewe, na bosi wake akaisifu. Nilikaa kwenye baraza ya duka pale mjini, watu wakinibembeleza.

Halafu ikaja ruksa. Kila kitu ruksa. Mitumba ikaingia, belo juu ya belo, na vijana niliowapima tangu wakiwa wafupi wakaanza kunipita wamevaa makoti ya Ulaya, mikono imewafika vidoleni, wanasema, "Mambo, mzee?" Baridi yetu ya mwezi wa sita unaijua, kwa hiyo makoti yaliwafaa, siwezi kukataa. Mwenye duka akaniita pembeni. "Fundi, usinichukie. Hapo ulipokaa nataka kutundika mitumba." Nilifunga cherehani kwenye baiskeli, nikaja nayo nyumbani nikiisukuma, nikiwaambia watu njiani kwamba naipeleka hospitali. Walicheka.

Hapo nyumbani ndipo nilipokuwa fundi wa mabibi. Wao peke yao ndio waliobaki. Mitumba waliiita kafa ulaya, na walilichukulia jina hilo kwa uzito wake wote: nguo ya Mzungu aliyekufa. Hawakutaka kuigusa. Tena hawakutaka mitindo ya sasa. Walitaka magauni ya usichana wao, kama yale masista wa misheni waliyokuwa wakiwashonea: kola iliyosimama mpaka chini ya kidevu, mikono ya puto iliyojaa begani na kubana kwenye kiwiko, vifungo vidogo vilivyofunikwa kwa kitambaa vikishuka mgongoni, na marinda mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilianza kwa kuwacheka. Kisha nikaona kwamba magauni yale yanajua kazi kuliko mimi. Ule mkono wa puto, Skola, ukiukata kwa mazoea ya sasa unakaa kama mfuko wa chumvi. Lazima kichwa chake kipande juu, nyuma kuliko mbele, na marinda yaanze pale bega linapogeuka. Nilirudi kuwa mwanafunzi nikiwa na mvi. Sikumwambia mtu kwamba nilikuwa na furaha. Ningeonekana mjinga.

Ulikuwa umeshahamia kwangu kwa ajili ya shule siku bibi yako alipofika na kifurushi chake. Parokia ilikuwa itawabariki wazee waliotimiza miaka hamsini ya ndoa, na babu yako alikuwa bado hai. Bibi alitaka asimame altareni na gauni lile lile la harusi yake. Lakini gauni lenyewe halikuwepo. Kwao, kila mtoto alipozaliwa, walikata kipande cha gauni la mama na kumshonea nguo ya ubatizo. Bibi yako alizaa vizuri, kwa hiyo gauni liliisha. Ulibaki mkono mmoja. Aliufungua kutoka kwenye leso, mkono mmoja mtupu, mweupe uliogeuka rangi ya maziwa, akaniwekea mezani.

"Nirudishie lililobaki," akasema.

Nilisema, "Mama, wengine huleta gauni wakataka kuongezewa mkono. Wewe umeleta mkono unataka kuongezewa gauni."

Hata yeye alicheka.

Sasa kumbuka jinsi tulivyofanya kazi ile, maana ndimo ubaya wangu ulimopita. Mimi ni mkwe. Siwezi kumzungushia futi mama wa mke wangu. Kwa hiyo ulimpima wewe chumbani, mimi nikiwa nimekaa nje ya mlango na chaki.

"Kifua?" nikauliza.

"Bibi anasema usiulize hivyo."

"Basi nipe ile sehemu iliyo chini ya shingo."

Nikasikia sauti ya bibi yako mwenyewe. "Mwambie baba yako ana adabu ya kuku."

"Anasema una adabu ya kuku," ukaniletea.

"Nimesikia. Nipe kiuno."

Kila kitu kilipita kwako. Vipimo, majaribio, pini, maswali. Mkono wangu haukumgusa bibi yako hata mara moja. Wewe ulikuwa mikono yangu, na ndivyo ulivyojifunza kazi. Na ndivyo pia ilivyokuwa rahisi kwangu baadaye.

Tatizo lilikuwa kitambaa. Nilizunguka maduka yote ya mjini na ule mkono mfukoni. Kila duka nautoa, naushika juu, naangalia unavyoshuka, kisha nashika kitambaa chao pembeni. Tetroni ilikuwa inasimama kama karatasi. Satini ilikuwa inang'aa kama tumbo la samaki. Pamba mpya ilikuwa nyepesi, ukiipulizia inaondoka. Hakuna kilichoshuka kama ule mkono. Nikakata tamaa, nikapita mnadani kuwatukana wauza mitumba kama kawaida yangu, na pale juu ya rundo nikaona mashuka mawili ya pamba nzito, ya zamani, yamefuliwa miaka na miaka na watu nisiowajua. Nikautoa mkono. Vilishuka sawa. Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na ndugu yake.

Bibi yako alikuwa ameniambia, na ulikuwepo: "Usinivishe marehemu mbele ya Mungu." Alisema hivyo hivyo. Ningeweza kumwambia, Mama, kitambaa kipya kinachofanana hakipo. Ama upate gauni jipya lisilofanana na lako, ama upate linalofanana, la shuka lililolaliwa na watu. Chagua. Gauni ni lake, harusi ni yake, mwili ni wake. Sikumpa nafasi hiyo kwa sababu nilijua angechagua nini, na mimi nilitaka gauni langu lishuke vizuri. Unaona nilivyosema? Gauni langu. Ukifika huko Mbeya utakutana na ugonjwa huu. Utapenda kazi mpaka usahau atakayeivaa. Mabibi harusi watakuja na mambo yao ya ajabu, hawataki hiki, wanaogopa kile, na wewe utajua kwamba hawajui. Waambie tu ukweli wa kitambaa kabla mkasi haujaingia. Waache wakatae. Gauni baya ambalo mwenyewe amelichagua utalisahau baada ya wiki.

Wewe ndiye uliyeyachemsha yale mashuka. Ulirudi na kona moja mkononi, zipo herufi mbili zimetariziwa kwa uzi mwekundu.

"Baba, hii ina jina la mtu."

"La kiwanda," nikasema.

Ulinitazama. Ulikuwa na umri wa kujua viwanda havitarizi. Kona ile sikuweza kuitupa, kwa sababu mikono ile ya zamani inakula kitambaa, na mashuka yalitosha kwa shida. Nikaikunjia ndani ya kiuno, chini ya mkanda, nikaishona mara mbili. Na siku ya jaribio la mwisho nikiwa nje ya mlango nilimsikia bibi akikuuliza, "Kitambaa hiki ni cha dukani, mjukuu wangu?" Nilijua umegeuka kuutazama mlango. Nikakohoa.

"Cha dukani, Bibi," ukasema.

Yubilei yenyewe sina haja ya kukusimulia. Babu yako, aliyekuwa haoni vizuri tena, alimshika bega, akapapasa lile puto, akamwuliza, "Apolonia, umetoka wapi?" Baada ya misa wanawake walikuja kutafuta fundi. Kazi zikaanza kuja kutoka Laela, na kutoka Kipili akaja mama mmoja aliyenilipa nusu kwa samaki wakavu wa migebuka, nyumba ikanuka ziwa mpaka Kwaresima. Nilikuwa nimefufuka. Wale waliokuwa wananionea huruma wakaanza kuniita fundi tena.

Halafu bibi yako akashuka kwenye lori, karibu na Pasaka.

Alikuwa amepungua mwili, akataka kubana kiuno cha gauni, akafumua mwenyewe kwa wembe. Wewe ulikuwa uani unapukuchua mahindi, mimi nimekaa na gauni la mteja magotini. Hakukaa. Hakutuacha tumwamkie.

"Kalisti," akasema, "hizi herufi ni za nani?"

Nina gauni la mtu magotini, Skola, na mengine yananingoja ndani, yote ya mabibi wasiotaka kafa ulaya. Nikaona baraza yangu inaondoka mara ya pili. Nikafanya nilichozoea. Nikacheka, nikasema, "Mama, muulize mjukuu wako. Mimi nilimtuma dukani. Kumbe akapitia mnadani, akaniletea vya belo, chenji akala maandazi."

Na wewe ukacheka.

Nimekaa na cheko lile kwa miaka. Ulinijua. Ulijua kwamba mizaha yangu ina nusu mbili, ya kwanza ya kumtia mtu kwenye shimo, ya pili ya kumtoa. Ulicheka ukingoja ya pili. Mahindi yako mkononi, umeinua uso, unangoja. Nami sikuitoa. Nilirudisha macho kwenye sindano.

"Na anacheka," bibi yako akasema kwa Kifipa, polepole, kama mtu anayesoma. Akaliweka gauni ndani ya ungo wako, juu ya mahindi. "Marehemu wako huyo. Mimi nimelala naye chumba kimoja tangu yubilei."

Akarudi barabarani kungoja lori. Nilingoja useme. Usiku ule, na kesho yake, na wiki ile, nilikuwa na majibu tayari, mengine ya kuchekesha sana. Hukusema kitu. Ulifumua gauni, ukafua kitambaa, ukakikunja.

Krismasi ukaenda Mwazye kama siku zote, ukarudi mapema. Uliniambia tu kwamba bibi alikukaribisha vizuri. Baadaye mjomba wako Gaspari alinisimulia alivyokukaribisha. Alikupa chakula kwenye sahani ya wageni. Na ufunguo wa kasha lake, ule uliokuwa unakaa chini ya mkeka tangu unatambaa, alikuwa ameutia kamba na kuuvaa shingoni. Mtoto aliyemlea mgongoni. Mimi niliposikia nilisema, "Wazee wana mambo," nikaendelea kukata.

Nilijiambia kwamba watoto husahau. Nilijiambia kwamba bibi yako atakufa na mambo yataisha. Ndiyo, niliwaza hivyo, usishtuke, mtu mwoga huwaza mambo machafu sana akiwa amekaa kwa utulivu. Hakufa. Na wewe ukaendelea kukua kwenye kazi mpaka mikono ya puto ikawa inakutii kuliko mimi. Huyu mama wa Mbeya mwenye mashela ya kukodisha alipokuja, baada ya kuona gauni letu kwenye harusi ya Laela, aliniamkia shikamoo, akanipita kama kiti, akaenda kukaa na wewe. Nilitania kwamba anaogopa uzuri wangu. Ukweli ni kwamba alishika mshono akajua ni wa nani.

Ulipokubali kwenda kumshonea, ulisema neno moja tu: unataka bibi aje akuage. Hukudai kitu kingine kwangu tangu ile siku ya ungo. Kwa hiyo juzi niliposema nakwenda kutafuta ulezi, nilikwenda Mwazye.

Nilimkuta amekaa na wajomba zako uani. Nikawaamkia, nikakaa chini, si kwenye kigoda. Nikasema, "Mama, nimekuja kwa ajili ya lile gauni. Skola hakununua kile kitambaa. Nilinunua mimi. Nilijua ni mitumba, nikamfundisha aseme cha dukani. Nilimsingizia mtoto."

Walitazamana. Kisha Gaspari akaanza. Unalijua cheko lake, linaanzia magotini. Wenzake wakafuata.

"Shemeji," akasema, "kwa hiyo leo mwizi ni wewe?"

"Ni mimi. Naapa."

"Uliapa pia kwamba padre alikuagiza bugaluu."

Ni kweli niliapa hivyo, miaka ile, kwenye pombe, na walinunua habari hiyo kwa debe zima. Nikaapa tena. Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyocheka. Nilihisi machozi, na nilipoyafuta mmoja akasema, "Tazameni, ameleta na machozi." Bibi yako naye alikuwa anacheka, Skola, anajifuta macho kwa ncha ya khanga. Nilijua siku hiyo kwamba nimekuwa mtu asiyeweza kusadikiwa. Nimetumia maisha yangu yote kuwafundisha watu wasiniamini, na wamehitimu.

Cheko lilipotulia, bibi yako akanitazama kwa upole. Upole ule ndio ulionimaliza. "Mtetee, Baba Skola," akasema. "Ni mwanao. Hata mimi ningekuwa na mtoto wa hivyo ningemtetea."

Alinisindikiza mpaka barabarani. Nikamwomba aje hata kwa saa moja tu. Akasema nikwambie usafiri salama, yeye miguu inamsumbua, na alisema hivyo huku amenitangulia kupanda kile kilima, mimi nahema nyuma yake.

Basi hiyo ndiyo habari. Sina nyingine nzuri niliyoificha. Nilipokuwa naweza kukutoa shimoni, kwa neno moja, mbele ya mtu mmoja, sikutaka. Nilipotaka, sikuweza. Sikuombi unisamehe, maana najua ungekubali haraka ili nisikae vibaya, kama ulivyozoea kunifanyia. Usinifanyie tena. Ukiwa na hasira, safiri nayo, ni mali yako. Na huko uendako, watu wakikusingizia, usingoje mtu amalize mzaha. Sema hapo hapo, kwa sauti, hata kama anayekusingizia ndiye anayekulisha.

Kesho shangazi yako ndiye atakayekupeleka stendi. Mimi nitabaki hapa. Najijua: nikifika pale mbele ya makondakta na akina mama wa vitumbua, nitaanza kutania kuhusu begi lako, na nywele zako, na mabasi ya Mbeya, na watu watacheka, na wewe utawatazama, kisha utacheka nao ili baba yako asiaibike.

Baba yako,
Kalisti